Nyota Waliodandia Jiwe

Nilifika Mombasa kwa mara ya kwanza nikiwa tayari bibi wa wajukuu watatu. Binti yangu alikuwa amehamishiwa kazi huko, akanitumia nauli, na siku ya pili akanipeleka ufukweni asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na mawe yako nje. Nilishuka kwenye mchanga, nikavuta pumzi moja. Nikakaa pale pale.

"Mama, ni sukari?" binti yangu aliuliza, huku akipekua mkoba kutafuta peremende.

Haikuwa sukari. Ilikuwa harufu: chumvi, jiwe bichi, na kitu kingine chini yake, kama kitambaa kilichosahaulika majini. Harufu ile naijua. Niliivuta kila siku kwa karibu mwaka mzima nikiwa na miaka tisa, mbali kabisa na bahari. Nilikuwa Kisumu, kwenye nyumba za reli, chumbani kwa wazazi wangu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kisumu mtazikumbuka nyumba zile: matofali, paa la bati, varanda moja kwa familia mbili, na honi ya meli gatini ikituambia saa kabla ya kengele ya shule. Baba alikuwa gadi wa treni. Alikuwa na bendera mbili, taa, filimbi na koti zito lililonuka makaa, na akiondoka angekaa siku tatu au nne kabla ya kurudi. Mama alibaki nasi. Tulikuwa wawili, mimi Atieno na kaka yangu Owiti, aliyenizidi miaka miwili. Kwa hiyo kila mtu alimwita mama Min Owiti, na wale wasiojua Kijaluo walimwita Mama Owiti. Jina lake mwenyewe nililijua nikiwa mkubwa.

Likizo moja baba mdogo alikuja kutoka nyumbani, upande wa Luanda Kotieno, akataka aende na Owiti akakae kwa bibi. Mama alikataa.

"Mtoto wangu hajui kuogelea," alisema.

"Ndiyo maana aende," baba akajibu. "Mjaluo asiyejua ziwa, huyo ni mtu gani? Aende ajifunze."

Owiti alikuwa ameshakunja shati lake ndani ya mfuko wa karatasi. Aliondoka bila kuniaga vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemnunia. Nilitaka kwenda na mimi.

Mtumbwi waliokuwamo ulipinduliwa na upepo si mbali na ufuko. Baba mdogo alishika ubao akaokolewa. Owiti hakuonekana. Walimtafuta siku nane, mitumbwi ikienda na kurudi, wanawake wakiwa wamekaa mchangani, hata ikafika mahali wakaacha kuinuka kila mtumbwi ulipotia nanga. Siku ya tisa wazee wa ukoo wakasema yatosha. Kwetu, mtu akipotea majini asipatikane, haizikwi hewa tupu. Huchukuliwa yago, lile tunda refu zito la mwegea linaloning'inia kama mkono wa mtu mnene, likavishwa, likazikwa mahali pake.

Mimi sikuelezwa hayo. Watoto hawakuelezwa kitu siku zile. Niliona tu tunda likifungwa shuka jeupe, likashushwa shimoni, likafukiwa, watu wakiimba. Nilikuwa nimeshamsaidia bibi kupanda mahindi na njugu. Nilijua tunda lina mbegu, na kitu kikifukiwa kinangojewa. Nikaelewa kwamba Owiti amepandwa. Jambo moja tu lilinisumbua: kwa nini wamempanda pakavu, ilhali amepotelea majini?

Mama hakulia siku ile. Alikaa ameligeuzia kaburi mgongo, na shangazi alipomshika bega amgeuze, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sikuzaa tunda."

Tuliporudi Kisumu nyumba ilikuwa na watu watatu na kimya cha mtu wa nne. Mama hakupika samaki tena.  Kila mtu kando ya ziwa anajua kwa nini: samaki hawachagui wanachokula. Baba alipita nyumba kwa nyumba akawaomba majirani wasimwite tena Mama Owiti, wamwite Mama Atieno. Aliniita na mimi nje, karibu na bomba, akainama mpaka kofia yake ikanigusa.

"Jina la kaka yako usilitaje mbele ya mama yako. Linamuumiza. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Majirani wakatii. "Mama Atieno, habari ya asubuhi!" Naye siku za kwanza hakugeuka, kana kwamba anaitwa mtu mwingine aliye nyuma yake.

Tangi la kioo lilikuja miezi michache baadaye, kwa sababu ya Bwana Lobo. Huyu alikuwa karani wa ofisi ya mizigo, Mgoa, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyeishi peke yake kwenye nyumba za makarani. Alikuwa na mapenzi ya ajabu na samaki wa baharini. Maji yao yalimfikia kwa treni kutoka Mombasa ndani ya madumu, yakipitia mikononi mwa magadi kadhaa, na gadi wa mwisho alikuwa baba. Sasa Bwana Lobo, kama Wahindi na Wagoa wengi wakati ule, alikuwa anafunga vitu vyake kwenda ng'ambo. Samaki wake walikuwa wamekufa mmoja mmoja. Lilikuwa limebaki tangi, maji, mchanga na jiwe moja kubwa lenye matundu kama mkate. Hakuwa na moyo wa kuyamwaga maji yaliyosafiri mbali kiasi kile, akampa baba.

Mama aliwakuta wawili hao wameliweka juu ya meza ndogo chumbani, kwenye kona isiyofikiwa na jua.

"Maji?" alisema. "Ndani ya nyumba yangu?"

"Si ya ziwa," baba akasema haraka. "Ni ya bahari. Onja, ni chumvi tupu. Na hakuna kitu ndani, ni jiwe tu."

Mama alitazama jiwe, akatoka. Hakusema liondolewe, na baba akalichukulia hilo kuwa ruhusa.

Baba hakujua, na Bwana Lobo pia hakujua, kwamba ndani ya jiwe mlikuwa na kitu. Niligundua mimi. Mchana mmoja mama alikuwa anaumwa kichwa, akafunga dirisha na kuteremsha pazia zito, akalala. Niliingia kutafuta penseli yangu, na macho yalipozoea giza nikaona kidole kinatoka kwenye tundu la jiwe. Kilikuwa chembamba, cha rangi ya kahawia chenye mistari, na kilijipinda polepole kikipapasa hewa, yaani maji. Kikafuatwa na kingine. Kisha vitatu pamoja, kutoka tundu moja, vikashika ukingo wa jiwe kama mtu anayejaribu kujivuta atoke kisimani.

Sikupiga kelele. Nilisimama penseli mkononi, na wazo lililonijia halikuwa na ubishi wowote: huyu ni Owiti, ametafuta njia.

Nilipofungua mlango mwanga ukaingia, na vidole vikarudi ndani mara moja.

Jioni nilimweleza baba, nikisema vidole lakini nisiseme vya nani. Kesho yake akamleta Bwana Lobo. Walifunga dirisha, tukakaa watatu kwenye giza la saa nane mchana, baba akiwa na soksi tu miguuni. Vidole vikatoka. Bwana Lobo akasogeza miwani karibu na kioo, akaanza kucheka taratibu, cheko la mtu aliyepata barua asiyoitarajia.

"Gadi! Wewe umebeba abiria bila tiketi."

"Ni nini hiyo?"

"Nyota ya bahari. Lakini si ile nono. Hii mikono yake myembamba, inavunjika haraka, hata jina lake kwa Kizungu ni hilo, nyota ya kuvunjika. Mimi sikuleta. Wamejificha ndani ya jiwe, wakadandia. Mombasa mpaka Kisumu, na hakuna mtu amewaona."

Baba naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alijikatiza katikati, akatazama mlango.

Bwana Lobo hakuwa na siku nyingi za kubaki, kwa hiyo alinifundisha mimi, maana baba alikuwa mtu wa safari. Alikwaruza alama kwenye kioo kwa msumari. Maji yakishuka chini ya alama, niongeze maji ya mvua, si ya bahari, kwa sababu joto linachukua maji na kuacha chumvi. Nikiongeza ya chumvi, chumvi itazidi wafe. Siku za jua kali nizungushe kitambaa kibichi kwenye kioo. Chakula, punje ya samaki isiyozidi kichwa cha kiberiti, mara mbili kwa wiki, niiweke karibu na tundu. Pampu yake ilikuwa ya umeme na kwetu haukuwepo, basi kila asubuhi na kila jioni nichote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara mia.

"Kwa nini mara mia?" nikauliza.

"Maji nayo yanahitaji pumzi. Maji yakikosa pumzi, aliye ndani anakufa. Wewe ndiye utawapa pumzi."

Nilimtazama kuona kama anajua anachosema. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia jambo lililofika mahali pake namna ile.

"Na usiwashike," akaongeza. "Ukimshika mkono, atauacha mkononi mwako akimbie. Lakini usilie. Unaota mwingine."

"Mkono unaota?"

"Kabisa. Hata akibaki kipande kidogo, ukimtunza, anaota."

Bwana Lobo aliondoka wiki ile. Mimi nikabaki na neno hilo.

Niliwatunza kama sijawahi kutunza kitu. Mama Rose, jirani wa varanda yetu, alinipa omena, dagaa wa ziwani, mmoja mmoja, nami niliwaficha kwenye karatasi ili harufu isimfikie mama. Niliweka sufuria chini ya bati kukinga mvua. Wale wadudu wadogo wa ziwani walipokuja kama moshi na kuangukia kila kitu, nilifunika tangi kwa kanga. Kila asubuhi kabla ya shule nilihesabu mia kwa kikombe. Wale nyota walikuwa watano. Wakubwa wawili mikono yao ilipata urefu wa kalamu, yenye manyoya magumu kama miguu ya tandu, na katikati wana kitufe kidogo tu, kana kwamba Mungu aliweka mikono yote kwanza akasahau mwili. Nikiweka punje ya samaki, mkono mmoja uliinusa, ukajikunja, ukaipeleka ndani ya jiwe. Mmoja wao alikuwa na mkono uliokatika. Niliutazama ukiota, mweupe na mwembamba kwenye ncha, mpaka ukawafikia wenzake.

Na nilikuwa nikizungumza nao. Nilianza kwa kunong'ona, wakati wa kumimina. "Owiti, leo mwalimu ameuliza wewe uko wapi. Owiti, mpira wako ninao." Mbele ya mama nilitii, jina halikunitoka. Lakini mle chumbani, pazia likiwa chini, nilihisi halihesabiwi.

Halafu siku moja nikamwona kwenye kioo. Alikuwa mdogo kama nusu ya punje ya mchele, mweupe mtupu, na mikono mitano iliyokamilika. Jana yake hakuwepo. Leo najua kuna aina ya nyota hao wanaozaa watoto wakiwa hai, hata ndani ya tangi. Wakati ule nilijua jambo moja tu: mbegu imeota. Imeota majini, ilipostahili kuota tangu mwanzo, na wazee walikosea.

"Unaongea na nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nilitaka kusema uongo, lakini nilikuwa na furaha kubwa mno, haikuweza kukaa nyuma ya meno.

"Na Owiti," nikasema. "Mama, anaota."

Niliona uso wake ukibadilika, nikangoja kofi. Alifunga mlango nyuma yake. Alikuja akapiga magoti kando yangu, na kwa mara ya kwanza akaweka uso karibu na kioo. Nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kiganja.

"Sema tena," akasema.

"Owiti."

"Unamwambia nini?"

Sikuelewa. Nikafikiri ananiuliza kwa kweli. "Nilikuwa namwambia kuhusu mpira."

"Basi mwambie."

Nikamwambia kuhusu mpira, mama akiwa amefumba macho.

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana nikitoka shule. Mwanzoni nilifurahi. Tulikaa wawili gizani, mimi nikimimina, yeye akihesabu pamoja nami, na mimi nikisema habari za Owiti: alivyoniibia sukari, alivyoiga mwendo wa stesheni masta. Kisha mama akaanza kusema yeye. Alisema mambo nisiyoyajua, ya Owiti akiwa mchanga. Aliliita jina kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye nje aje kula. Aliimba wimbo wa kubembeleza, ule ule aliotuimbia sote. Siku nyingine nilirudi nikamkuta ameshaanza bila mimi, kikombe mkononi, kanga imelowa, amekosa ibada ya akina mama na hakusikia wenzake walipobisha hodi.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Mambo niliyoyaamini peke yangu yalikuwa mepesi. Mtu mzima alipoyaamini pamoja nami, yakawa mazito kama mlango wa chuma. Ikiwa mama anasema yule ni Owiti, basi ni Owiti kweli, yuko ndani ya maji, mdogo kuliko kidole, na atakaa humo siku zote, na uhai wake ni kikombe changu. Nilianza kuota kwamba nimesahau kuhesabu. Nilianza kuogopa vile vidole vilivyotoka kwenye jiwe. Na nilimwogopa mama, sauti yake ya gizani, iliyokuwa na raha ndani yake.

Mama Rose naye alikuwa amesikia kupitia ukutani. Alinishika mkono varandani. "Mama yako anaongea na nani huko, nyathina, mwanangu? Kichwa chake kiko sawa?"

Baba aliporudi safari ile, alikaa kwenye kiti akaanza kuvua viatu.

"Mama yako yuko wapi?"

"Chumbani. Anaongea na wale nyota."

"Anaongea nao nini?"

"Anamwita Owiti."

Baba alibaki na kiatu kimoja mkononi. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Aliniuliza kama nyumba huachwa wazi, kama chakula hupikwa. Nikajibu yote. Ningeweza kusema: ni mimi nilianza. Ningeweza kusema: mimi ndiye niliyemwonyesha. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza, kwa sababu baba alikuwa ameniambia nisilitaje jina lile, nami nilikuwa nimelitaja kila siku.

Alienda chumbani bila kuvua kiatu cha pili. Niliwasikia kupitia mlango. Sauti ya baba ilikuwa ya chini, ya kuomba, kuhusu kupumzika, kuhusu watu wa maombi. Ya mama ilitoka mara moja tu, juu na safi.

"Ni wewe uliyesema aende!"

Kisha nikasikia baba akiketi kitandani.

Kesho yake asubuhi baba alimpeleka mama kwao, upande wa Port Victoria, kwa kaka yake, ambako kulikuwa na watu wa kanisa waliojulikana kwa kuombea wagonjwa. Mama hakupinga. Alibeba furushi moja. Aliponipita mlangoni alinishika kidevu akaniambia, "Usisahau mia."

Lakini baba alifunga nyumba. Alikuwa anaunganisha kutoka huko moja kwa moja hadi kazini, na mimi niliachwa kwa Mama Rose. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, kwenye koti la gadi, mahali fulani kati ya Kisumu na Nairobi. Nililia mpaka Mama Rose akadhani nina homa.

"Nyumba haiendi popote," alisema. "Baba yako atakuja."

Dirisha la chumba lilikuwa na ufa chini, palipovunjika kioo. Nilipanda juu ya debe nikachungulia. Pazia halikufika mwisho. Niliona kona ya tangi, maji yakiwa yamesimama kama kitu kigumu, na siku ya pili niliona yameshuka chini ya alama. Nilipeleka mdomo kwenye ufa nikapuliza. Nilipuliza mara mia. Asubuhi na jioni nilipanda kwenye debe lile nikapuliza pumzi yangu ndani ya chumba kilichofungwa, nikihesabu, watoto wengine wakinicheka kutoka kwenye bomba. Siku ya tatu niliona mkono mmoja juu ya mchanga, peke yake, bila nyota.

Baba alirudi siku ya sita. Alipofungua mlango, harufu ilitutangulia sote. Wale nyota walipokuwa wakifa walikuwa wameiacha mikono yao, mmoja mmoja, ikatapakaa mchangani kama uzi uliokatwakatwa. Yule mweupe kwenye kioo hakuwepo kabisa. Nilimtafuta kwa macho kila mahali. Maji yalikuwa na rangi ya uji.

Baba alichukua kijiko akawaokota akiwaweka kwenye sahani, taratibu, kana kwamba wanaweza kuumia. Alipomaliza alikaa chini ukutani na sahani mapajani.

"Hata hawa," alisema. Akaweka kijiko sakafuni. Kisha akasema, "Hata hawa nilipewa mimi nitunze."

Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo. Nilisimama nikimtazama, nikijua kwamba kaka yangu amekufa mara ya pili, na kwamba mara hii ni mimi. Kama ningenyamaza, mama angekuwepo, na mia zingehesabiwa.

Mama alirudi baada ya mwezi, amenenepa kidogo, mtulivu. Aliingia chumbani, akaona meza tupu.

"Walikufa kwa joto," nikasema.

"Sawa," akasema. Akatandika kitambaa cha kufuma juu ya meza, akaweka redio ya baba hapo.

Watu walisema maombi yamejibiwa. Nami nikaamini, nikaweka nadhiri ya kitoto, ngumu kama jiwe: sitalitaja jina lile tena, mama asije akarudi kule gizani. Nikaishika. Wadogo zangu wanne walizaliwa nyumba ile na ile iliyofuata, wakakua, wakaenda shule, na sikuwahi kuwaambia kwamba walikuwa na kaka. Baba alistaafu, akafa, na hakulitaja. Ukimya ukawa kitu cha nyumbani, kama kabati linalozungukwa bila kutazamwa.

Niliporudi kutoka Mombasa safari ile, nilienda moja kwa moja kumwona mama. Alikuwa mzee sana wakati huo, akiishi nyumbani kule juu ya Luanda Kotieno, macho mazuri bado. Nilimkata kucha, na nikiwa nimeshika mkono wake nikauliza, bila kujipanga.

"Mama, wale nyota wa Bwana Lobo. Uliamini kweli kwamba ni Owiti?"

Aliinua macho kwa lile jina. Kisha akacheka, pumzi tu, bila sauti.

"Atieno, mimi nimezaliwa Port Victoria. Nimepasua samaki kabla sijaota meno ya ukubwa. Nisijue mdudu wa majini?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unakaa pale?"

Alinipa mkono wa pili. "Baba yako aliliondoa jina. Aliwaambia majirani, akakuambia wewe, hata mimi nikaona nikilitaja nitaangusha nyumba. Nilikuwa naamka, silisikii. Nalala, silisikii. Kama vile sikuzaa. Halafu siku moja napita mlangoni nasikia mtoto analisema. Nikawa nakuja kulisikia. Ndipo nikajaribu mwenyewe, nikaona nyumba haikuanguka." Alitazama kucha zake. "Niliporudi kutoka kwetu nikakungoja. Siku ya kwanza, ya pili. Mwezi. Nikasema, huyu mtoto amesahau kaka yake. Ana bahati. Basi nisimkumbushe."

"Mimi nilidhani nikilitaja utaugua tena."

"Tena?" Mama alinigeukia. "Kwani niliugua lini?"

Alikufa mwezi uliofuata, usingizini. Wadogo zangu waliandaa kila kitu vizuri, turubai, viti, vipaza sauti, na mmoja wao akaandika maisha yake kwenye karatasi ili mchungaji asome. Mchungaji akasoma: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani. Akasema marehemu alijaliwa watoto watano, akayasoma majina yetu, la kwanza likiwa langu.

Nilisimama. Viti vya mbele viligeuka, na mdogo wangu wa mwisho akanivuta kanga nikae.

"Ni sita," nikasema. "Wa kwanza anaitwa Owiti."